Makaburi ya wazazi: Tunakwenda kutoa au kuchukua?

Kuna jambo ambalo kwa miaka kadhaa nimeona haya kulisema mbele ya watu, hasa mbele ya masheikh. Mimi hupata faraja makaburini. Sizungumzii makaburi ya mjini, kule Kisutu na kwingineko, ambako tunasindikiza jeneza mchana, tunafukia, inasomwa dua, kisha kila mtu anawahi shughuli zake. Nazungumzia makaburi ya kwetu, ndani ya shamba aliloliacha marehemu baba yangu katika wilaya ya Mkuranga, mwendo mfupi kutoka barabara ya Kilwa. Wamelala pale babu na bibi, shangazi zangu wawili, watoto wadogo ambao sikuwahi kuwaona, baba tangu mwaka 2009, na mama tangu mwaka 2016. Jumla yao ni kumi na mmoja.

Mtu akifiwa na mzazi mmoja bado ni mtoto wa mtu. Akiondoka wa pili, hata kama una mvi kichwani na watu wanakuita babu, unakuwa yatima wa uzeeni, na ghafla unaona kwamba hakuna tena aliyesimama kati yako na kaburi. Zamu inayofuata ni yenu. Watu walikuja kutuhani kwa maneno ambayo sote tunayajua na sote tunayatumia: ndiyo kazi yake Mola, njia yetu moja, subirini. Ni maneno ya haki na sina ugomvi nayo. Lakini nyumbani kwangu Temeke, ambako mama aliishi miaka yake ya mwisho, kila kitu kilikuwa kinaniuma. Kanga yake kwenye kamba. Tasbihi yake juu ya mto. Kikombe ambacho wajukuu walikuwa hawaruhusiwi kukigusa, na baada ya yeye kufa bado hakuna aliyekigusa.

Kule shambani hakuna kilichoniuma. Nilikuwa naondoka Jumamosi baada ya swala ya alfajiri, napanda gari hadi Mbagala Rangi Tatu, pale naunganisha la Mkuranga, kisha natembea kwa miguu katikati ya mikorosho. Nikifika natoa salamu kwa watu wa makaburini, nawaombea dua, nang'oa magugu, halafu nakaa chini ya mwembe nusu saa, wakati mwingine saa nzima, bila ya kusema kitu. Nikirudi mjini nilikuwa naweza kula.

Sasa, wanazuoni wametufundisha kwamba kuzuru makaburi kuna makusudio mawili makubwa: aliye hai akumbuke mauti na akhera, na aliyekufa aombewe dua. Katika makusudio hayo sikuona mahali palipoandikwa kwamba mtu aende akapumzishe moyo. Rafiki yangu mmoja tunayeswali naye, kijana msomi, siku nilipomweleza alitikisa kichwa. Akaniambia: "Mzee wangu, kuwa na tahadhari. Watu wa Nabii Nuh nao hawakuanza na masanamu. Walianza na kuwapenda watu wema waliokufa."

Sikulipuuza neno lake. Katika Pwani yetu tumeona makaburi yanayofungwa vitambaa, yanayofukizwa ubani, yanayoombwa watoto na vyeo. Anayesema mlango huo haupo ni mtu asiyetembea. Nilijichunguza. Sijawahi kumuomba baba wala mama kitu chochote tangu walipokufa, na namuomba Allah (SW) anihifadhi nisifike huko. Lakini hata baada ya kujichunguza swali lilibaki palepale. Kama dua yangu inawafikia wazazi wangu nikiwa Temeke, na sina shaka kwamba inafika, basi nauli ya kwenda Mkuranga nalipia nini? Roho hazipo pale chini ya mwembe. Zipo katika barzakh, na mambo ya barzakh hayapimwi kwa kilometa. Kilichopo pale ni udongo. Je, mtu mzima mwenye akili zake anaweza kufarijiwa na udongo, na isiwe ni udhaifu wa imani?

Jibu la kwanza nililipata katika hadithi ambayo nilikuwa nimeisikia mara nyingi bila ya kuisikiliza. Imam Muslim ameipokea kutoka kwa Abu Hurayra (RA). Mtume (SAW) alizuru kaburi la mama yake, Bibi Amina, ambaye waandishi wa sira wanasema alifia Abwaa, baina ya Makka na Madina, wakati Mtume akiwa na umri wa miaka sita. Alipofika akalia, na kilio chake kikawaliza waliokuwa pamoja naye. Kisha akawaeleza kwamba alimuomba Mola wake ruhusa ya kumuombea mama yake maghufira hakupewa, akaomba ruhusa ya kulizuru kaburi lake akapewa. Mwisho akawahimiza Waislamu wazuru makaburi kwa kuwa yanakumbusha mauti.

Sitaki kuingia katika mjadala wa wanazuoni juu ya wazazi wa Mtume (SAW). Huo una wenyewe na si wa ukurasa wa gazeti. Ninachotaka tukitazame ni hicho kitendo. Kama kaburi la mzazi ni mahali pa kupeleka dua peke yake, hapo palikuwa hapana tena sababu ya kusimama. Lakini alisimama. Zaidi ya miaka arobaini ilikuwa imepita tangu azikwe mama huyo, Mtume amekuwa kiongozi wa umma, ana masahaba pembeni yake, na analia hadi watu wanalia. Basi katika kumzuru mzazi mna kitu kingine kilichoruhusiwa, hata pale ambapo mtu hana cha kupeleka isipokuwa miguu yake na macho yake.

Tazama pia habari ya Uthman bin Madh'un (RA), mmoja wa Muhajirina wa mwanzo kuzikwa Baqi. Katika mapokezi ya Abu Daud, Mtume (SAW) alimuagiza mtu alete jiwe. Likamshinda yule mtu kulibeba. Mtume akakunja mikono ya nguo yake, akalibeba mwenyewe, akaliweka upande wa kichwa cha kaburi, na akaeleza sababu: ni kulitambua kaburi la ndugu yake na kumzika karibu naye atakayekufa katika jamaa zake. Ndugu msomaji, makaburi ya ukoo hayana ushahidi mkubwa kuliko huo. Si jumba, si marumaru, si jina lililochongwa kwa dhahabu. Ni jiwe la kutambulia, na nia ya kuwaweka jamaa pamoja. Mtume hakuona kwamba kutaka kulijua kaburi la mpendwa wako ni upungufu wa tawhidi.

Na Jabir bin Abdillah (RA), ambaye baba yake aliuawa Uhud akazikwa na mwenziwe katika kaburi moja, anasimulia katika Bukhari kwamba nafsi yake haikutulia kumuacha vile, hata baada ya miezi sita akamtoa akamzika peke yake. Moyo wa mtoto juu ya kaburi la baba yake ulikuwa unasumbuka hata katika zama zile bora.

Nikaona nimeshinda. Nikawa naendelea na safari zangu za Jumamosi kwa amani, na yule kijana nikamletea hadithi zangu, akanyamaza kwa adabu.

Ila katika hoja za dini mara nyingi mtu huwa mwepesi wa kuchukua zile zinazomtetea na kuacha zinazomuuliza maswali. Mwaka 2021 alikuja dalali. Mji ulikuwa umeshatufuata: Kongowe ilijaa, Vikindu ikajaa, na watu wakaanza kutafuta viwanja kule kwetu. Shamba letu ni la ekari nne. Bei aliyoitaja sitaiandika hapa, lakini ndugu yangu mdogo alipoisikia alinyamaza kwanza, kisha akaomba airudie.

Ndugu yangu huyu amepanga vyumba viwili Mbagala kwa miaka mingi, ana watoto wanne, na biashara yake ndogo haijawahi kusimama sawasawa. Alitaka tuuze. Dada yetu, ambaye ndiye mkubwa wetu, alikataa. Mimi nilikataa zaidi yake. Nilisema maneno makali: kwamba atakayeuza mifupa ya wazazi wake hatapata baraka, kwamba kuuvunja mfupa wa maiti Mtume (SAW) amekufananisha na kuuvunja wa aliye hai. Dalali naye, kwa kutaka kutusaidia, akasema makaburi huhamishwa, hata serikali ina sheria yake. Ni kweli ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, lakini hiyo ni pale ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma, si kwa ajili ya mtu anayetaka kujenga fremu za maduka. Nikamfukuza.

Ndugu yangu alisubiri dalali aondoke, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, wewe unakuja hapa kupumzika. Mimi sina pa kupumzika. Baba amekufa 2009, na hii mirathi mpaka leo hujaigawa."

Ndugu zangu Waislamu, pale ndipo nilipotakiwa kukaa chini. Na ninaandika haya si kwa sababu yangu mimi tu. Ni familia ngapi za Kiislamu hapa mjini zina nyumba ya urithi Kariakoo, Magomeni au Ilala ambayo haijagawanywa kwa miaka ishirini, na kila anayedai haki yake anaambiwa hana heshima kwa wazazi? Mkubwa anakaa ndani, au anapokea kodi, na neno lake ni moja: hii ni mali ya familia, marehemu asingependa. Marehemu asingependa! Allah (SW) ameyataja mafungu ya warithi katika Surat Nisaa kwa nusu, robo, thuluthi na thumuni, hakumuachia mtu yeyote kazi ya kukisia marehemu angependa nini. Mimi nilikuwa nawalaumu watu hao, kumbe nami ni mmojawao. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wanakula kodi ya pango na mimi nilikuwa nakula utulivu. Baba alipokufa thumuni ilikuwa ya mama, na iliyobaki ni yetu watatu, wanaume wawili mafungu mawili mawili na dada fungu moja. Hesabu ya dakika tano. Mimi niliyekabidhiwa usimamizi niliikalia miaka kumi na miwili kwa sababu nilipenda kukaa chini ya mwembe.

Nilikwenda kwa sheikh mmoja ninayemwamini, nikitaraji kwamba atanipa hoja ya kuzuia. Hakunipa. Aliniuliza kama baba alilifanya shamba lile wakfu, hata kwa kauli mbele ya mashahidi. Nikasema hapana. Akasema basi ni mirathi, na warithi wana haki zao. Makaburi yenyewe hayachimbuliwi wala hayajengewi juu maadamu maiti hawajawa udongo, na hapo hakuna mjadala. Lakini heshima ya kaburi ni ya kaburi, haipandi mpaka kwenye minazi. Kisha akaniuliza swali lililonirudisha nyumbani kichwa chini: "Hayo makaburi yanachukua eneo la ukubwa gani?"

Sikuwa najua. Miaka yote ile, kila Jumamosi, na sijui. Nilirudi nikapima kwa hatua. Makaburi kumi na moja, pamoja na njia za kupita katikati, ni hatua ishirini kwa kumi na tano. Kiwanja kidogo cha mjini. Kumbe sikuwa nalinda makaburi. Nilikuwa nalinda kivuli cha mwembe, upepo, na ule ukimya wa ekari nne uliozunguka makaburi, na nilikuwa naulinda kwa jina la baba na mama.

Faraja ni neema, sikatai. Lakini tuulize, je, tunapokwenda kwa wazazi wetu waliokufa tunakwenda kutoa au kuchukua? Walipokuwa hai tuliwaendea tukiwa na njaa, tukiwa na homa, tukiwa na ada ya shule, na wao wakatoa. Tabia hiyo haiishi kwa kuwafukia. Tunaendelea kuwaendea kama watoto, tunataka watupe kitu: basi hata utulivu. Na wao sasa ndio wahitaji. Amali zao zimekatika isipokuwa sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayewaombea. Mtoto mwema, si mtoto mwenye kujisikia vizuri. Nikajiuliza: baba yangu, pale alipo, kitamfaa nini zaidi, mimi kukaa karibu na kaburi lake saa nzima, au mwanawe mwingine kulipwa haki yake na watoto wake wakalala chini ya paa lao?

Na wale ambao hawana kaburi la kuzuru? Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama ikiwa safarini kutoka Unguja kwenda Pemba. Watu wengi sana walipotea, na miili mingi haikuonekana tena. Wapo watu leo Pemba ambao mama yao, au wazazi wote wawili, wamezikwa na bahari. Hawana jiwe, hawana mwembe, hawana Jumamosi. Kama faraja ya Allah (SW) ingekuwa imefungwa kwenye kipande cha ardhi, watu hawa wangekuwa wamefungiwa mlango, na haiwezekani Mwenye kurehemu awafungie mlango wafiwa kwa kosa la mawimbi. Jamaa yangu mmoja wa Wete aliniambia kwamba yeye anamuombea mama yake kila anapopanda meli, na baharini ndiko moyo wake unakotulia. Nilimuonea huruma kwanza. Baadaye nikaona ananizidi, kwa sababu yeye hawezi kuiweka bahari uzio.

Wapo pia waliozikwa vizuri kuliko wote na hawana wa kuwazuru. Nenda Kunduchi, hapahapa Dar es Salaam, katika magofu. Utayaona makaburi ya nguzo yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yamepambwa kwa sahani za kaure kutoka China. Hao walikuwa watu wenye uwezo, na bila shaka walikuwa na watoto waliowalilia. Leo wanaofika ni watalii wenye kamera, na wanafunzi wanaoandika tarehe kwenye madaftari. Chokaa imedumu, watoto hawakudumu. Nayasema haya kwa sababu nami baada ya kumzika mama nilikuwa nimeshapata bei ya vigae, pamoja na kujua kwamba Mtume (SAW) amekataza kujengea makaburi na kuyapaka chokaa. Huzuni ina ujanja wake. Inaweza kumfanya mtu asahau hadithi aliyoihifadhi.

Kilichonivunja kabisa, hata hivyo, ni kisa cha Sayyidna Umar (RA) alipokuwa anakufa, ambacho kimo katika Bukhari. Alimtuma mwanawe, Abdallah, kwa Bibi Aisha (RA) kumuomba ruhusa ya kuzikwa pamoja na wenzake wawili, Mtume (SAW) na Abubakar (RA). Fikiri msomaji ni nini kilichokuwa kinaombwa. Chumba ni chake. Aliyelala mle ni mume wake, na wa pili ni baba yake mzazi. Nafasi iliyobaki alikuwa ameiweka kwa ajili yake mwenyewe, na alilisema hilo wazi. Abdallah alimkuta analia. Hapana duniani mtu aliyekuwa na makaburi ya familia kama yale, wala aliyekuwa na haki ya kuyang'ang'ania kama yeye. Akampa Umar. Yeye mwenyewe alikuja kuzikwa Baqi pamoja na watu wengine.

Na Umar naye, Amirul Muuminina, hakuridhika na ndiyo ya kwanza. Aliusia kwamba akishakufa jeneza lake likifikishwa mlangoni aombewe ruhusa tena. Akikubali aingizwe, akikataa apelekwe kwenye makaburi ya Waislamu. Alichelea kwamba huenda Bibi Aisha alikubali kwa kuona haya, kwa kuwa muombaji alikuwa hai na ana madaraka. Mimi katika familia yangu nilikuwa na madaraka, na ndugu yangu alikuwa amenyamaza miaka kumi na miwili. Nilikuwa nimeuhesabu ukimya wake kuwa ni ridhaa.

Nikawaita wote wawili nyumbani Temeke. Nikamwambia ndugu yangu mbele ya dada kwamba nilikuwa nimekosa, na kwamba shamba lote ni mirathi na litagawanywa. Hapo dada, ambaye siku zote hizo alikuwa hajanena sababu yake, akasema: "Nyinyi mlimshika mama mpaka mwanandani. Mimi nilimuona anatoka mlangoni, basi. Kule shambani ndiko mahali pekee ambapo hakuna mtu wa kuniambia nirudi nyuma."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Katika makaburi ya mjini dada yangu angetazamwa kwa jicho baya na pengine angefukuzwa, ingawa Bibi Aisha huyohuyo alilizuru kaburi la kaka yake Abdurrahman, na wanazuoni wamelizungumza suala hili kwa upana kuliko tunavyolizungumza sisi mlangoni. Kwetu anakaa pembeni ya mama yake na hakuna wa kumsumbua. Kwa hiyo faraja yangu mimi ilikuwa ni anasa. Ya kwake ilikuwa haja. Sote wawili tulikuwa tunasema neno moja, hatuuzi, na hatukuwa tunasema kitu kimoja.

Ni yeye aliyetoa njia. Alisema fungu lake linatosha kuyachukua makaburi na uwazi kidogo, yeye alichukue upande huo na alifanye wakfu, na sisi tuuze yetu. Ndugu yangu akakataa. Akasema hawezi kukubali dada yake alipe peke yake kaburi la mama yao sote, kila mmoja atoe katika fungu lake kwa kadiri yake. Tukakubaliana hivyo. Kwa kukumbuka kisa cha Umar, sikukubali tuandikiane siku ileile. Tulikaa wiki mbili, kisha nikawauliza tena mmoja mmoja, kila mtu kwake, wakiwa hawasikiani. Mwaka 2022 tukaandikishana mbele ya sheikh, mashahidi na uongozi wa kijiji: eneo la makaburi na njia ya kuingilia ni wakfu, haliuzwi, halirithiwi; lililobaki limegawanywa. Ndugu yangu aliuza fungu lake lote, na leo ana nyumba ya vyumba vitatu isiyopakwa rangi, ambayo mke wake anaifagia mara tatu kwa siku. Mimi niliuza nusu.

Je, faraja ilibaki? Nitakuwa mkweli. Ule ukimya umekwisha. Mwembe uliangukia upande wa mnunuzi, na aliukata. Kuna nyumba mbili zimeinuka, na msingi wa tatu. Mara ya kwanza nilipokwenda baada ya ujenzi kuanza nilirudi na hasira, nikaona nimeibiwa. Sasa sikai tena saa nzima, kwa sababu hakuna kivuli. Natoa salamu, naomba dua, nang'oa magugu, naondoka. Nimegundua kwamba dua yangu imekuwa ndefu kuliko zamani. Zamani ilikuwa fupi kwa sababu nilikuwa na haraka ya kukaa.

Mwezi wa Shaaban uliopita tulikwenda wote watatu kufyeka kabla ya Ramadhani kuingia. Ndugu yangu hakuwa amefika pale tangu tulipomzika mama. Alifyeka upande wake wote kwa nguvu bila ya kupumzika, akapanga upya mawe yaliyosogezwa na mvua kwenye kaburi la baba, kisha akasimama karibu na uzio wa minyaa, anatazama uwazi uliobaki kati ya kaburi la mama na mpaka. Akaniuliza: "Kaka, hapa panaingia wangapi?"

Tukapima kwa hatua. Watatu. Labda wanne, tukisogeleana.

"Basi mimi niwekeni upande wa mama," dada akasema, akachukua fyekeo lake akaendelea.